Bi Waridi na Ng'ombe wa Kisomo

Mtaa wa Mafia mzima ulikataa kuamini. Bi Waridi kufeli kisomo? Afadhali uambiwe Kariakoo imefungwa kwa kukosa wateja. Hata miaka ilipopita wapo waliodai kwamba karatasi zilichanganywa, au mtahini alikuwa na chuki naye, au kijicho cha jirani kilimpata asubuhi ile alipokuwa akivaa. Binadamu akishindwa kulimeza jambo hutafuta wa kumtwika. Lakini karatasi hazikuchanganywa, na mtahini hakuwa na chuki na mtu. Wa kwanza kushtuka alikuwa Bi Waridi mwenyewe, na alishtuka kuliko wote.

Alikuwa mtoto wa Gerezani aliyeolewa Kariakoo. Mumewe, Sadalla, alikuwa kuli bandarini mpaka kifua kilipomshinda, akafa na kumwachia vyumba viwili na baraza. Hapo barazani Bi Waridi aliuza nazi. Alikuwa mwanamke wa maneno. Ukienda kununua nazi ulipata nazi, ukapata na mawaidha, na kama siku yako ilikuwa mbaya ulisindikizwa na kijembe kimoja cha kukutosha mpaka Mnazi Mmoja.

Elimu yake ilitoka chuoni kwa ami yake, Maalim Ramadhan. Huko watoto waliketi mkekani, kila mmoja na kijiti chake cha kufuatia mistari, maalim akisoma nao wakiitikia. Waridi alikuwa na kichwa cha ajabu. Neno likiingia halitoki. Wenzake wakiwa bado wanahangaika na herufi, yeye alikuwa ameishika sura nzima kwa kuisikia mara chache tu, na kijiti chake kilitembea juu ya mstari sawasawa na sauti, hata ami yake akadhani mtoto anasoma. Kabla hajagundua, Waridi akavunja ungo, akawekwa ndani, na chuo kikaishia hapo. Wasichana waliobaki walifika mbali. Yeye alitoka na sura zake kifuani, pamoja na imani moja ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, kwamba kusoma ndiko huko.

Basi nchi ilipotangaza vita dhidi ya ujinga, balozi wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango kuandikisha watu wazima. Alipofika kwa Bi Waridi alichekwa.

"Mimi nimesoma wewe hujazaliwa," Bi Waridi alimwambia.

"Umesoma Kiarabu, bibi. Huku ni Kiswahili."

"Kwani Kiswahili ndicho kitakachonishinda?"

Akaenda, zaidi kwa ajili ya kumkomesha balozi.

Darasa la ngumbaru, kama watu walivyoliita, lilikuwa kwenye shule ya msingi ya jirani, watoto wakishatoka. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo magoti ya watu wazima yaligonga ubao wa juu kila mtu alipopiga chafya. Mbele waliketi kina mama wa mtaani, watu wa Pwani, wamekoga na kujifunga khanga zao, wananukia asumini. Nyuma waliketi watu wa Kusini, wapagazi wa sokoni waliotoka Newala na Masasi na Tunduru, mabega yana vumbi la magunia, wengine wakisinzia kabla hesabu hazijaanza. Mwalimu wao, Scholastika, alikuwa binti wa Masasi ambaye asubuhi alifundisha watoto na alasiri akafundisha wazazi wao. Kila siku alianza kwa kuwaamkia wanafunzi wake shikamoo, nao wakimwitikia marahaba ndipo awaamuru wafungue vitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kichekesho. Vitabu vya kisomo viliandikwa kwa kufuata kazi za watu, wavuvi na cha kwao, wakulima na cha kwao. Sasa sijui gari lilipotea njia au ndivyo mgao ulivyoangukia, Kariakoo ikaletewa kitabu cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Katika darasa lile hapakuwa na mtu aliyewahi kukamua hata mbuzi. Lakini kila somo lilikuwa na picha yake nzuri, na somo la kwanza lilisema: Baba Koku ana ng'ombe. Ng'ombe wa Baba Koku ni safi. Anakunywa maji mengi. Anatoa maziwa mengi.

Bi Waridi alimpenda ng'ombe yule. Mwalimu Scholastika alisoma somo mara tatu, darasa likaitikia, na ilipofika mara ya nne Bi Waridi alikuwa hana haja ya mwalimu. Kidole chake kilitembea mstarini, sauti ikafuata. Jioni, shoga yake Siti na kina mama wengine walikusanyika uani kwake, wakakuna nazi na kusoma kwa pamoja, yeye akitangulia, wao wakipokea. Majirani walifungua madirisha wasikilize. Kwa mwendo huo wakakimaliza kitabu, ng'ombe akazaa, akaugua kupe, akapona, na Baba Koku akajenga nyumba ya bati. Jina lake Bi Waridi alijifunza kuliandika kama anavyochora hina, kwa kuiga mchoro, na lilipendeza.

Huko darasani ilikuwa raha tupu. Mgeni akija, Scholastika aliwainua kina mama wa mbele, nao wakasoma kwa sauti moja mpaka mgeni akapiga makofi. Wa nyuma hawakuinuliwa. Nyuma kulikuwa na watu kama Euphrasia, mke wa mpagazi, mwanamke wa Newala mwenye chale mashavuni aliyekuwa akichoma mihogo karibu na soko. Huyu aliposoma ungefikiri anapasua kuni. "Ng'o... ng'o... mbe," alisema, halafu akapumzika.

"Euphrasia," Bi Waridi alimwambia siku moja bila kugeuza shingo, "ng'ombe huyo atakufa kabla hujamfikisha zizini."

Darasa likavunjika mbavu. Euphrasia akacheka pia, kwa adabu, kisha akarudi kwenye neno lake akalianza upya.

Sasa kina mama wa mtaa walikuwa wameamua kuanzisha duka la ushirika, la unga, sabuni na mafuta ya taa, ili waache kunyanyaswa na wenye maduka waliokuwa wakificha bidhaa. Walihitaji katibu wa kupokea mizigo na kuandika mahitaji. Kura zote zikamwangukia Bi Waridi. Sharti lilikuwa moja tu, katibu awe amefaulu kisomo katika mtihani wa taifa, uliokuwa mwezi wa nane. Watu walilichukulia sharti hilo kama kumwambia samaki athibitishe kwamba anajua kuogelea. Bi Waridi alilitaka duka lile kuliko alivyopata kutaka kitu chochote tangu Sadalla afe. Maisha yake yote alikuwa mke wa fulani, kisha mjane wa fulani, kisha muuza nazi. Alitaka watu waseme, mwulize katibu. Alinunua khanga mpya kwa ajili ya siku hiyo na akawa anaikunjua kila usiku aiangalie.

Siku ya mtihani ikafika. Mtahini, Ndugu Kasmir, alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani, na aliwaita mmoja mmoja mbele ya meza, wenzao wakisubiri kwenye madawati. Bi Waridi aliitwa wa kwanza, heshima yake. Alikwenda na khanga yake mpya, akaketi, akapewa karatasi.

Haikuwa na picha.

Aliigeuza. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Akairudisha. Akajiambia kwamba somo ni somo, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akakohoa.

"Baba Koku ana ng'ombe," alisoma, kwa ile sauti yake iliyofungua madirisha ya mtaa. "Ng'ombe wa Baba Koku ni safi. Anakunywa maji mengi. Anatoa maziwa mengi."

Maneno yakaisha. Mistari ilikuwa haijaisha. Kidole chake kilikuwa katikati ya karatasi, na chini yake kulikuwa na maandishi mengine, meusi, yametulia, wala hayakuwa na neno la kumpa. Akasogeza kidole. Hakukuja kitu. Katika maisha yake yote jambo hilo lilikuwa halijamtokea, kidole kwenda na sauti kubaki nyuma.

"Mama," alisema Kasmir taratibu, "hapa hakuna ng'ombe."

Bi Waridi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokaa miaka yote si yake. "Hakuna?"

"Hakuna, mama. Jaribu tena. Anza na neno hili."

Aliliangalia neno lile. Alizijua baadhi ya herufi, moja moja, kama unavyozijua sura za watu sokoni bila kujua majina yao.  Jasho likapita mgongoni na kuilowesha khanga mpya. Na hapo ndipo lilipompiga, si kidogo kidogo bali lote kwa mpigo. Alikuwa hajui kusoma. Hakusahau, wala hakutishwa na mtihani. Hajui, na hakupata kujua hata siku moja, tangu kwenye mkeka wa Maalim Ramadhan mpaka kwenye kiti hiki, na hakuna aliyemficha isipokuwa kichwa chake mwenyewe.

Alirudi kwenye dawati bila kuuona mlango wala dirisha. Siti akaitwa. "Baba Koku ana ng'ombe," alisema Siti. Akaitwa mwingine, naye akamtaja Baba Koku. Mmoja baada ya mwingine, kina mama wote waliokuna nazi uani kwake walikwenda mezani na ng'ombe yule yule, kwa kuwa hawakuwa na mwingine, na kila mmoja aliambiwa hapa hakuna ng'ombe.  Wa nyuma waliacha kusinzia. Mwalimu Scholastika, aliyesimama ukutani, aliweka mkono kifuani na hakuuondoa.

Kisha akaitwa Euphrasia. Aliketi, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza kupasua kuni zake. "Che... m... sha. Chemsha. Ma-ji. Chemsha maji ya ku... nywa." Akapumzika. "Fu-ni-ka m-tu-ngi. Funika mtungi." Alichukua muda ambao mtu angekwenda sokoni akarudi, lakini alifika mwisho. Baada yake wapagazi wakaja, kila mtu na kigugumizi chake, na wengi wao wakafika. Hapakuwa na mtu aliyepata kuona jambo kama hilo. Waliokuwa wakionyeshwa kwa wageni walianguka chini wote, na wale ambao hakuna aliyekuwa akiwasikiliza wakapita.

Katika kisomo daraja la kwanza ndilo la chini, kwa hiyo ukisikia mtu kapata la kwanza usimpe hongera. Kasmir alikuwa na madaraja ya kwanza mengi mkononi, na aliyaangalia kwa huzuni.

"Mwalimu," alisema, "nilisikia darasa hili linasifiwa. Kimetokea nini?"

"Sijui," alisema Scholastika. "Wallahi sijui, na mimi ni Mkristo."

"Kina mama wa Pwani hawa labda wanapenda ngoma kuliko kalamu."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Kina mama wakainama. Kisha, kwa kuwa alikuwa mpole na hakupenda kuona watu wazima wamefedheheka, akapata wazo. "Tufanye hivi. Leteni kitabu chenu cha ng'ombe. Kila mmoja asome humo somo moja. Nani atasema si kusoma? Kitabu ni cha kisomo, na mtaa huu haupendi kuaibika, wala mimi sipendi kuuaibisha."

Pumzi zikashuka darasani. Siti alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akakichukua kitabu akakitia mikononi mwa Bi Waridi. "Kasome, shoga. Tutoe hapa."

Bi Waridi alikishika. Kilikuwa ndicho kila kitu, duka, ukatibu, na neno lile mwulize katibu. Angeweza kukisoma chote, mwanzo mpaka kupe mpaka nyumba ya bati, amefumba macho. Hilo ndilo lililomtisha. 

"Ndugu mtahini," alisema, "hawa hawapendi ngoma kuliko kalamu. Hawa walinifuata mimi. Mimi niliwahifadhisha kama nilivyohifadhishwa, nikidhani ndiyo kusoma. Nilikuwa nadhani kweli. Sikumdanganya mtu."

"Naelewa, mama. Ndiyo maana nasema, soma kitabu."

"Mzigo ukija dukani, utaandikwa Baba Koku ana ng'ombe?"

Kasmir alivua miwani. 

"Basi tuandikie tulichopata," alisema Bi Waridi, akakirudisha kitabu mezani.

Wenye kusoma hadithi hupenda mahali kama hapa watu wapige makofi. Hakuna aliyepiga. Siti alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Umetukaanga sote kwa mafuta yako, Waridi. Kama wewe hutaki, sisi tulikuwa tunataka." Akatoka na kina mama wengine nyuma yake. Kuanzia siku hiyo Siti alinunua nazi kwa mtu mwingine, mtaa wa pili, ghali zaidi, ili tu apite mbele ya baraza la Bi Waridi na kikapu kimejaa. Ukatibu akapewa Euphrasia. Bi Waridi alipoambiwa alijibu heri, akaingia ndani, akalia kwa ghadhabu kama mtoto. Tusimpambe. Alijuta wiki nzima kwamba hakukisoma kile kitabu.

Lakini darasani alirudi. Alikwenda kuketi nyuma, kati ya wapagazi, magoti yakigonga ubao. Scholastika naye alikuwa amejifunza. Vitabu vya ng'ombe alivifungia kabatini, akawa anaandika ubaoni sentensi mpya kila siku na kuzifuta jioni. Kwa Bi Waridi hayo yalikuwa mateso. Kichwa kile kile kilichompa sifa ndicho kilichomkwamisha, kwa sababu akiona herufi mbili mdomo wake ulikuwa tayari umeshakisia neno zima, na ulikisia vibaya. Vijana wa Tunduru walimcheka. Alistahili, naye alijua. Euphrasia peke yake hakucheka. "Polepole, bibi," alimwambia, "neno halikimbii." Bi Waridi alichukia kuambiwa hivyo, kisha akafuata.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, kina mama walijipanga mbele ya duka la ushirika kama kawaida, wengine wameketi juu ya vikapu na migongo yao mlangoni. Uvumi ulikuwa kwamba sukari imekuja. Mlango ulikuwa umefungwa na juu yake palikuwa na maandishi ya chaki. Hakuna aliyeyajali. Siku zile kila mlango na kila ukuta ulikuwa na maandishi, mkutano huu, kazi ile, na watu walizoea kusubiri wasomewe. Siti alikuwa kwenye foleni, amempa Bi Waridi kisogo.

Bi Waridi alikuwa akiuangalia mlango kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuangalia. Macho yake yakaangukia herufi mbili za mwanzo. Ha, alisema moyoni, wala hakuwa na nia ya kusoma. Halafu ku. Mdomo ukataka kukimbia, akauzuia. Na. Akashusha pumzi, akaenda mstari wa pili. Su. Ka. Ri.

Alirudia kutoka mwanzo, akidhani amekosea. Yalikuwa yale yale. Akarudia tena, na kila alivyorudia mlango ulimwambia neno lile lile, kwa utulivu, kana kwamba siku zote umekuwa ukisema na watu.

"Jamani," alisema, "rudini majumbani. Sukari hakuna."

Foleni ikageuka. Siti pia akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane akamsemesha. "Nani kakwambia?"

Bi Waridi alifungua mdomo ili amtaje. Kila alilolijua duniani alilijua kwa sababu yupo mtu aliyemwambia, ami yake, au Sadalla, au mwalimu, au redio ya jirani. Akamtafuta mtu huyo. Alimtafuta kwa bidii, kulia na kushoto, na hakumwona. Akaketi pale pale kwenye ngazi ya duka.

"Hakuna aliyeniambia," alisema, na machozi yakaanza kumtoka mbele za watu, mengi, asiweze kuyazuia.

Wanawake waliokuwa karibu walimshika bega na kumpa pole, wakidhani analilia sukari.